Barua ya wazi kwa wakuu wa maduka ya gemu mtandaoni: Tanzania haimo kwenye orodha yenu

Ipagala, Dodoma
Januari 2026

Kwa wakurugenzi wa kampuni za gemu, wakuu wa maduka yao ya mtandaoni, na wawakilishi wao wa Afrika popote walipo.

Waheshimiwa,

YAH: KUTUTANGAZIA GEMU, BETA NA OFA HUKU NCHI YETU HAIMO KWENYE ORODHA YENU

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Barua hii haikupaswa kuwa ya wazi. Nilianza kama mteja yeyote mwenye adabu: nikakiandikia kitengo cha huduma kwa wateja cha duka moja la gemu, nikaeleza kwamba nashindwa kusajili akaunti kwa nchi ninayoishi. Jibu likaja haraka: nichague nchi ninayoishi kwenye orodha. Nikaeleza kwamba nchi ninayoishi haimo kwenye orodha. Nikatumiwa kiungo cha kunipeleka kwenye orodha ileile. Nikapiga picha ya orodha nzima, nikazungushia duara jekundu pale kwenye herufi T ambapo Tanzania ingekaa, nikatuma. Shauri langu likafungwa, halafu nikaombwa nitoe nyota kwa huduma niliyopata.

Mtaniwia radhi kwa kuwaandikia Kiswahili. Za Kiingereza nimeshaandika, na zilikoishia nimeeleza. Isitoshe, mlipokihitaji Kiswahili mlikipata. Wimbo wa kufungulia Civilization IV, gemu ya mwaka 2005, uliimbwa kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kushinda tuzo ya Grammy. Lugha iliyofaa kuwaletea tuzo itafaa pia kuwafikishia malalamiko.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Dodoma. Mchana natengeneza mashine za watu, usiku nacheza. Wateja wangu ni wanafunzi wa UDOM na CBE, watumishi waliohamia na serikali kutoka Dar es Salaam, na vijana wenye vibanda vya PS (PlayStation) kuanzia Chang'ombe hadi Nzuguni, ambako dogo analipia mechi, anapewa pedi, na akifungwa anampisha mwenzake. Nikisema "sisi" humu ndani, nawasemea hao. Hawajanituma, ila kila wiki wananiletea shida hizi mezani na mimi nimechoka kuwajibu kwa niaba yenu.

1. Akaunti

Nianze na mlango wenyewe. Mtu ananunua PS5 dukani kwa fedha yake halali, anapewa na risiti. Anafika nyumbani, anachomeka kwenye TV, anaambiwa afungue akaunti. Orodha ya nchi inashuka. Kusini mwa Sahara ipo Afrika Kusini, basi. Tanzania haipo, Kenya haipo, hata Nigeria na ukubwa wake wote haipo.

Kwa hiyo anafanya kile ambacho kila mtu anafanya: anajiandikisha kuwa mkazi wa Johannesburg, au London, au mji fulani wa Marekani ambao hajui hata uko upande gani. Mwisho wa fomu anatakiwa aweke tiki kukubali masharti yenu, na moja ya masharti hayo ni kwamba taarifa alizotoa ni za kweli. Yaani uhusiano wetu na nyinyi unaanza kwa uongo ambao nyinyi wenyewe mmeulazimisha, kisha uongo huohuo mnautunza kama fimbo ya kutuchapia baadaye.

Na fimbo inatumika. Kadi ya benki ya Tanzania inagoma kwenye akaunti ya Afrika Kusini au Uingereza, hivyo mtu ananunua vocha kwa wauzaji wa mitandaoni, kwa bei iliyopandishwa, na akipewa namba iliyokwisha kutumika hana pa kulalamika. Siku akaunti inafungwa kwa kile mnachokiita shughuli isiyo ya kawaida, anaulizwa anwani na namba ya posta aliyosajilia. Anayo ya wapi? Gemu zote alizonunua zinaondoka na akaunti. Mteja wangu mmoja yalimkuta hayo, na alichoweza kukifanya ni kuanza upya na anwani nyingine ya uongo.

Mwaka 2024 jambo hili dunia nzima ililiona. Gemu ya Helldivers 2 ilitoka Februari, na pale Steam, duka la gemu za kompyuta, iliuzwa hadi kwenye nchi ambazo PlayStation Network (PSN), mtandao wa Sony wa akaunti za PlayStation, haitoi akaunti. Mwanzoni mwa Mei Sony wakatangaza kwamba mchezaji wa kompyuta naye lazima aunganishe akaunti ya PSN. Zikapigwa kelele, yakamiminika maoni mabaya, na hoja kubwa ya waliolalamika ilikuwa sisi: itakuwaje kwa watu walionunua na hawawezi kuwa na akaunti hiyo? Baada ya siku chache agizo likafutwa. Lakini gemu ilikuwa imeshaondolewa sokoni kwenye nchi na maeneo 177, Tanzania ikiwemo, na agizo lilipofutwa sisi hatukurudishwa sambamba na wengine. Wachezaji wa Ulaya na Marekani walishinda kwa kutumia hoja yetu, wakaendelea kucheza. Sisi tuliokuwa hoja tukabaki nje ya uzio. Ghost of Tsushima ya kompyuta, iliyotoka Mei 16 mwaka huohuo, nayo ikafungiwa kwenye nchi zetu. Januari 2025 Sony walilegeza wakasema kwa baadhi ya gemu zao za kompyuta akaunti itakuwa ya hiari. Tulishukuru. Orodha yenyewe, hata hivyo, imebaki vilevile.

2. Bei, na hizo mnazoziita ofa

Gemu kubwa mpya leo ni dola 69.99. Mario Kart World, iliyotoka na mashine ya Nintendo Switch 2 Juni 2025, ilifika 79.99. Kwa kukadiria shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ya kwanza ni kama Sh 175,000 na ya pili inagusa Sh 200,000. Sasa linganisheni: kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma hapa kilipandishwa Julai 2025 kutoka Sh 370,000 hadi Sh 500,000. Gemu moja ni zaidi ya theluthi ya mshahara huo uliokwisha kupandishwa, na huyo ni mtu mwenye ajira ya serikali. Kijana anayelinda kibanda cha PS hata huko hajafika.

Sisemi mtupe bure. Nasema bei ya kimaeneo mnaijua na mnaitumia. Steam wanauza kwa randi Afrika Kusini. Novemba 2023 walipoziondoa peso ya Argentina na lira ya Uturuki, walizipangia nchi za Amerika ya Kusini kundi lao la bei, na Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini kundi lao, bado kwa dola lakini mchapishaji akishauriwa bei ya chini kuliko ya Marekani. Mchezaji wa Misri ana kapu lake. Mtanzania yumo kwenye kapu la Marekani, bei sawasawa na mtu wa California. Ni nani aliyekaa akaangalia vipato vya dunia akatuweka sisi hapo?

Matokeo yake ofa zenu zinatupita. Punguzo la nusu bei kwenye gemu ya dola 70 bado ni zaidi ya Sh 87,000. Duka la Epic wanatoa gemu za bure kila wiki, na nawapongeza kwa hilo, ila gemu ya bure yenye GB 90 huku si ya bure. Inalipiwa kwa muuza bando. Hata utaratibu mzuri wa Steam wa kurudishiwa fedha ndani ya siku 14, kama hujacheza zaidi ya saa 2, una tundu hilohilo. Fedha ya gemu inarudi, ya bando imeshaliwa.

Wapo wanaoonesha kwamba inawezekana kufanya vingine. Hollow Knight: Silksong ilitoka Septemba 4, 2025 kwa dola 19.99. Ni gemu ngumu kiasi cha kutukanisha, kuna mabosi, wale maadui wakubwa, nimewaacha nikaenda kulala na hasira, lakini ni ndogo, inakubali kwenye mashine dhaifu, haiulizi mtandao, na bei yake mtu anaweza kujichanga. Clair Obscur: Expedition 33, ile ya Wafaransa iliyobeba tuzo ya gemu ya mwaka 2025 kwenye The Game Awards, ilianza kwa dola 49.99 wakati wenzao wakidai 70. Kwangu mimi ndiyo gemu bora ya mwaka uliopita na sihitaji kubishana na mtu. Mapigano yake ni ya zamu, lakini adui akikushambulia unatakiwa ukinge kwa wakati hasa, na kwa kuwa kila kitu kinatokea ndani ya mashine yangu, nikikosea najua nimekosea mimi. Raha hiyo kwenye gemu za mtandaoni siipati, nitaeleza huko chini.

Na shilingi nayo. Machi 2025 kanuni za Benki Kuu zilikataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kupangiwa bei kwa fedha za kigeni. Najua haziwahusu nyinyi mlioko ng'ambo. Lakini hapa mtu analipia maji, LUKU, nauli ya treni ya SGR na ada ya mtoto kwa simu yake, kwa M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa. Akifika kwenu anaambiwa atafute kadi na dola.

3. Beta

Agosti 2025 Battlefield 6 walifungua beta, yaani gemu ya majaribio kabla haijatoka rasmi, kwa wote, wikendi mbili. Nilicheza. Niseme ukweli, walikuwa wamerudi: kuta zinabomoka inavyotakiwa, bunduki zina uzito mkononi, mlio wa kifaru ukikaribia unaujua kabla hujakiona. Ramani moja ya beta ilikuwa mitaa ya Cairo. Nikajikuta nacheka peke yangu, kwamba Afrika kwenye gemu za bei hii tunapata nafasi kama uwanja wa vita kwanza, uteja baadaye.

Kwa kompyuta, beta hiyo ilidai Secure Boot, kinga ya kompyuta wakati inapowaka, iwe imewashwa, kwa ajili ya kuzuia wanaocheza kwa udanganyifu. Sina ugomvi na lengo. Ila huku watu wengi huchukua kompyuta ya ofisi ya mtumba, wakaiongezea kadi ya picha na RAM, na diski yake imepangwa kwa mtindo wa zamani ambao hauendani na Secure Boot mpaka ubadilishwe. Ukikosea hatua moja mashine haiwaki. Wikendi ile nililetewa mashine ambazo wenyewe walifuata maelekezo ya mtandaoni nusu, wakapoteza kazi za chuo. Kwangu ilikuwa biashara, sikatai. Lakini je, mliwafikiria watu wa mashine hizi kabla ya kutangaza kwamba beta ni ya wote?

Kuna jambo la uzito zaidi. Beta ni kazi. Tunapakua makumi ya GB kwa bando la usiku, tunacheza siku tatu, kitu kinafutwa, na kwa malipo ya jasho hilo mnatutumia fomu ya maoni. Kwenye fomu moja niliyojaza, swali la eneo lilikuwa na Ulaya Magharibi, Ulaya Mashariki, kila kona ya Asia, kisha "Mengineyo". Nikaandika maelezo marefu kuhusu mtandao kusuasua. Yaliingia kwenye Mengineyo, na sidhani kama kuna mtu kazi yake ni kuyasoma Mengineyo.

4. Seva

Hapa nitaongea kifundi kidogo. Mwanga ndani ya waya wa faiba husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dodoma, data inashuka Dar es Salaam, inaingia baharini, inapanda Bahari ya Shamu hadi Ulaya. Njia hiyo ni kama kilomita 10,000, na kwenda na kurudi ni kama 20,000. Hata kama kila mtambo njiani ungefanya kazi bila kosa, tayari mmetula kama milisekunde 100. Mitambo haifanyi hivyo, kwa hiyo tunaona 150, 180, wakati mwingine 200 na ushee. Unapiga shuti, kipa wa mwenzako ameshadaka, wewe bado unaona mpira uko mguuni. Vijana wa FC na eFootball, gemu za mpira, hapa wameshajifunza kubonyeza kabla ya tukio, kwa kukisia. Ukiwahamishia kwenye mechi ya kawaida, pedi mbili TV moja, wanacheza vibaya kwa sababu mikono imezoea kuchelewa.

Johannesburg iko karibu mno kuliko Frankfurt. Valve, wenye Steam, wameweka seva huko miaka mingi, na mtu wa Dota 2 au Counter-Strike hapa Dodoma anaijua tofauti hiyo kwa mikono yake. Microsoft walifungua vituo vya data Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon wakafungua Cape Town 2020. Kwa hiyo hamhitaji kujenga kitu. Mnahitaji kukodi, na kuturuhusu tuchague wenyewe seva badala ya mashine yenu kutupeleka Mashariki ya Kati kwa sababu tu mtu fulani alichora ramani hivyo.

Najua nyaya zetu nazo zina matatizo. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, mtandao ulizimwa nchini kwa siku kadhaa. Gemu ya ARC Raiders ikatoka kesho yake. Niliingoja gemu ile tangu majaribio yao ya katikati ya Oktoba, ina sauti nzuri kuliko gemu yoyote ya kunyemelea niliyowahi kucheza, na nikaikosa wiki yake ya kwanza. Hilo silipeleki kwenu. Lina wenyewe, nao wamo kwenye nakala hapa chini.

5. Ukubwa wa mafaili, na diski zisizo na kitu

Call of Duty: Modern Warfare ya 2019 ilivuka GB 200 kwenye kompyuta. Baldur's Gate 3 inadai nafasi ya GB 150. Tuliambiwa tuvumilie, picha nzuri zina gharama yake. Halafu Desemba 2025 watengenezaji wa Helldivers 2 wakatoa toleo la kompyuta lililoshuka kutoka karibu GB 154 hadi karibu GB 23. Walichofanya ni kuondoa nakala za data ileile zilizokuwa zimerudiwarudiwa kuwasaidia wenye diski za zamani za kuzunguka. Zaidi ya GB 130 za marudio! Bando zile tulizinunua sisi.

Mtasema basi tununue diski. Huku diski ndiyo iliyotuchezesha miaka yote: unanunua, unamaliza, unabadilishana na mwenzako au unauza Kariakoo. Sasa PS5 Pro inakuja bila sehemu ya diski. Kadi nyingi za Switch 2 hazina gemu ndani, zina ruhusa tu ya kuipakua. Diski ya Doom: The Dark Ages ya PS5, Mei 2025, ilikutwa na MB 85, zilizobaki zaidi ya GB 80 upakue mwenyewe. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, ukilifungua unakuta kamba.

6. Gemu mnazozizima

Kwa ufupi. The Crew ilizimwa Machi 31, 2024 na walioinunua wakashindwa kuicheza hata peke yao. Concord iliishi wiki mbili, kuanzia Agosti 23 hadi Septemba 6, 2024. Angalau hao walirudisha fedha. Ulaya wananchi zaidi ya milioni 1 walitia saini kudai gemu zilizouzwa zisiuawe. Sisi hatuna pa kutia saini. Mtu aliyejichanga miezi mitatu kununua gemu moja ana haki ya kuicheza mtandao ukiwepo au usipokuwepo.

Najua mtakachosema

Mtasema soko ni dogo. Mmelipimaje, wakati kila mchezaji wa PS wa hapa anahesabiwa kuwa mkazi wa Johannesburg au London? Takwimu zenu zinaonesha Tanzania sifuri kwa sababu mlikataza Tanzania isiandikwe. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61, na mkoa huu wa Dodoma peke yake zaidi ya milioni 3. Fungueni orodha kwa mwaka mmoja, kisha mje na hiyo hoja ya soko.

Mtasema Waafrika wanatumia gemu za wizi. Wapo, na mimi kama fundi nawafahamu. Lakini mtu akikataliwa kununua mlangoni, kisha akaambiwa ni mwizi kwa kuwa alipitia dirishani, kesi hiyo ina upungufu. Vijana waliohama kutoka kwenye gemu za kuiba kwenda za kununua, nimeona wengi, na kilichowahamisha kila mara kilikuwa urahisi: gemu ya bei inayofikika na njia ya kulipa inayokubali.

Mtasema mkishusha bei, watu wa nchi tajiri watajifanya Watanzania kwa VPN, programu ya kuficha mtu yuko nchi gani. Hilo lilitokea kweli Argentina na Uturuki, nalielewa. Malipo kwa namba ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha taifa na alama za vidole yanaliziba tundu hilo kuliko kadi yoyote ya benki. Tena kwenye VPN sisi ndio tulioshikwa pande zote mbili: masharti ya maduka yenu yanakataza kuitumia kubadili nchi, na TCRA toka Oktoba 2023 wametutaka tuisajili.

Mtasema sheria na kodi za Tanzania ni ngumu. Huenda. Tangu 2022 nchi ina utaratibu wa kodi kwa watoa huduma za kidijitali wasio na ofisi hapa, na kampuni nyingi za nje zinauza kwa Watanzania kila siku. Kama kuna kifungu kinachowakwamisha, kitajeni hadharani ili tukawaulize wahusika. Wizara iko hapahapa Mtumba, mimi naenda kwa bodaboda.

Tunachoomba

Grand Theft Auto VI, baada ya kuahirishwa mara mbili, imetangazwa kutoka Novemba 19, 2026. Siku hiyo kila kibanda cha PS kati ya Dodoma, Singida na Manyoni kitataka kuipakua. Ndiyo maana naweka tarehe. Kabla ya hapo:

Wekeni Tanzania kwenye orodha ya nchi za akaunti, na mturuhusu kuhamisha akaunti zetu za "Johannesburg" na "London" kuja nyumbani na gemu zake zote, bila adhabu. Hili la pili ni la lazima kama la kwanza. Orodha mpya isiyopokea akaunti za zamani itatukuta tumeshawekeza kwingine na hakuna atakayehama.

Pokeeni malipo ya simu na muoneshe bei kwa shilingi. Tutoeni kwenye kapu la bei la Marekani. Tukiwekwa hata na Afrika Kaskazini tutaanzia hapo.

Kodini seva kusini mwa Afrika, mtuachie kitufe cha kuichagua.

Kwa kila gemu, andikeni wazi kabla ya malipo: GB ngapi za kupakua, inahitaji mtandao wakati wote au la, na kwa diski, kiasi gani cha gemu kimo ndani ya diski. Hilo halihitaji mkataba na nchi yoyote, mnaweza kulianza wiki ijayo.

Na kwenye fomu za maoni za beta, ongezeni neno Afrika Mashariki.

Nitapokea jibu kwa Kiingereza au Kiswahili. La mashine nitalirudisha.

Nawasilisha.

Fundi wa kompyuta na mchezaji,
Ipagala, Dodoma

Nakala:
Wizara ya Mawasiliano na Teknolojia ya Habari, Mtumba (kwa habari ya mtandao kuzimwa, naomba maelezo)
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA)
Wenye vibanda vya PS, Dodoma Mjini